Kabla ya sindano ya deksa, chukueni damu

Chupa ya damu ikifika mezani kwangu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni saa ambayo damu ilichukuliwa. Halafu naishika chupa kiganjani nijue kama ililala kwenye barafu. Naigeuza polepole, naangalia kama kuna bonge. Hapo ndipo nafungua fomu, na mara nyingi fomu ina neno moja tu, "lukemia", yaani saratani ya damu, na alama ya kuuliza.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Kampala, na kazi yangu ni flosaitometri, yaani kuzitambua seli za damu moja moja kwa mashine ya leza. Sisi tunaoshinda nayo kutwa tunaiita flo. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoongea na wazazi wengi wanaokaa kwenye benchi nje ya mlango wetu: askari na wake zao kutoka kambini, Wanubi wa Bombo na Arua, wachuuzi wa Busia, na watu wa Kongo waliovukia Mpondwe na mtoto mgongoni. Na pia ndiyo lugha ninayopigiwa simu nayo na wenzangu wengi wa maabara za wilayani. Nina jambo moja la kuwaomba wote, nalo nitalifikia baada ya kueleza mashine inafanya nini, maana bila hilo ombi langu litaonekana kama usumbufu.

Saratani ya damu bado huanza kugunduliwa kwenye hadubini. Tone la damu, slaidi, rangi, jicho la mtu aliyetulia. Fundi mzuri aliyeko Lira au Mbarara ataziona blasti, zile seli changa ambazo kwa kawaida hazitoki kwenye uboho, ndani ya mifupa ambako damu hutengenezwa, kuja kutembea kwenye mishipa: kiini kimejaa karibu seli nzima, ukingo mwembamba wa bluu, na ndani ya kiini vidoa vinavyoashiria kwamba seli haijakomaa. Akiona ndani ya seli na vijiti vyembamba vinavyoitwa vijiti vya Auer, hata maswali yamepungua, hiyo ni lukemia ya mieloidi, mmoja wa koo mbili kuu za seli za damu. Ukoo wa pili ni limfoidi. Lakini vijiti hivyo mara nyingi havipo. Kinachobaki ni seli changa zisizo na alama, na hapo jicho, hata liwe la mtaalamu wa miaka thelathini, linafika mwisho wa uwezo wake. Blasti ya ukoo wa limfoidi na blasti ya ukoo wa mieloidi zinaweza kufanana mno chini ya lenzi. Matibabu yake hayafanani hata kidogo. Mtoto mwenye lukemia ya limfoidi anahitaji vinkristini, steroidi, asparajinesi, sindano za uti wa mgongo, na safari ya zaidi ya miaka miwili, nyingi yake akiwa anatokea nyumbani. Mwenye lukemia ya mieloidi anapewa sitarabini na daunorubisini kwa vipindi vifupi vikali vinavyomlaza wodini wiki kwa wiki, uboho ukiwa umefagiliwa. Ukikosea ukoo, umempa mtoto sumu isiyomhusu na ugonjwa wake umeuacha palepale.

Ndipo flo inapoingia. Kila seli imevaa protini juu ya ngozi yake, na nyingine imezificha ndani, na protini hizo hutaja seli imetoka ukoo gani na imefika umri gani. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja safi, kila moja ikiijua protini moja tu. Mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel. Protini zenyewe zilianza kupangiwa namba kwenye mkutano uliofanyika Paris mwaka 1982, na namba hizo ndizo zinazoanza na CD. Sisi tunazifunga kingamwili hizo rangi zinazong'aa, tunazichanganya na damu au uboho, tunaziacha gizani zishike, tunayeyusha chembe nyekundu, tunaosha, kisha tunaiweka sampuli kwenye mashine.

Ndani ya mashine seli husukumwa katika mkondo mwembamba wa maji ya chumvi mpaka zinapita moja moja, kama ng'ombe wanavyopita kwenye josho. Katikati ya njia kuna leza ya bluu, urefu wa wimbi nanomita 488, na mashine nyingi huwa na nyekundu pia. Kila seli ikikatiza mwanga, mashine inapima mambo kadhaa kwa mpigo: mwanga uliopita mbele unaonyesha ukubwa wake, mwanga uliotawanyika pembeni unaonyesha kama ndani imejaa chembechembe au iko tupu, na kila rangi inayong'aa inasema protini fulani ipo au haipo, na kwa wingi gani. Maelfu ya seli kwa sekunde. Kila seli inakuwa nukta moja kwenye skrini.

Picha ninayoipenda kuliko zote, na ninayoifungua kwanza, ni ile ya CD45 dhidi ya mwanga wa pembeni. CD45 iko karibu kwenye kila seli nyeupe. Kwa mtu mzima wa afya, limfosaiti zinakaa chini kulia, zinang'aa sana. Monosaiti juu yake kidogo. Granulosaiti juu kabisa, katikati. Na kuna eneo moja, chini, kushoto kwa limfosaiti, ambalo katika damu ya mtu mwenye afya huwa karibu tupu. CD45 hafifu, ndani hamna chembechembe. Ndipo blasti zinapokaa. Ninapoona kundi zito la nukta pale, huwa najua siku imebadilika kwa familia fulani iliyoko nje ya mlango, na wao bado hawajui.

Kisha naanza kuliuliza lile kundi. Una CD34, una TdT, yaani u mchanga kweli? Una CD19, CD79a na CD22, na CD10 juu yake? Basi ni limfoidi ya upande wa B, moja ya aina mbili kuu za limfosaiti, ambayo ndiyo kawaida ya watoto. Una CD3 ndani ya seli, na CD7? Upande wa T. Mara nyingi huyo ni kijana mwenye uvimbe kifuani unaombana pumzi. Una MPO, CD13, CD33, CD117? Mieloidi. Protini moja peke yake haitoshi kamwe, maana seli za saratani hupenda kuvaa nguo zisizo zao. Lukemia ya mieloidi inaweza kubeba CD7, ya limfoidi ikabeba CD13. Ndiyo maana tunauliza kwa seti nzima, na ndiyo maana simwamini mtu anayetoa ripoti kwa haraka.

Sasa mtoto. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, ila kisa ni cha kweli kwa namna kinavyojirudia. Mvulana wa darasa la kwanza, baba yake ni askari. Alianza kuchechemea. Magoti yakauma usiku, homa ikaja ikaondoka, akatibiwa malaria, akatibiwa malaria tena. Tezi za shingo zikavimba. Kliniki moja ya karibu na nyumbani ikamchoma deksamethasoni, ile deksa, siku kadhaa, na jamani, mtoto alipona! Alicheza mpira. Tezi zilinywea, homa ikakata, mama yake akatoa sadaka. Baada ya wiki chache yote yakarudi na rangi ya midomo imepotea, ndipo akaletwa mjini, na njiani akapewa deksa tena kwa sababu "ilimsaidia mara ile".

Uboho wake uliponifikia ulikuwa na seli chache mno. Nilitafuta kundi langu pale chini kushoto nikakuta nukta za hapa na pale, nyingi zimekufa. Hazikutosha kusema lolote la uhakika.

Watu wengi, hata wahudumu wa afya, hawajui kwamba deksamethasoni na prednisoloni, zote za jamii ya steroidi, ni dawa halisi za lukemia ya limfoidi. Ni miongoni mwa silaha za kwanza kabisa za daktari wa saratani. Zinaziua blasti za limfoidi kwa kasi, ndani ya siku chache. Kwa hiyo mtoto akipewa steroidi kabla ya kipimo, ugonjwa hupungua kwa muda, na pamoja nao hupungua ushahidi wote niliohitaji. Hauondoki. Zile seli zilizobaki huweza kuwa ndizo sugu. Tena zikifa nyingi kwa pamoja, taka zake, yaani potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki, zinaweza kuzima figo za mtoto ambaye hakuna aliyekuwa akimwangalia figo, kwa kuwa hakuna aliyejua ana saratani.

Baba yake alinisimamisha koridoni. Alikuwa na sare bado. Akaniuliza: "Daktari, kama damu yake ina ugonjwa, kwa nini mnataka tena kumtoboa mfupa? Si damu ni ileile?"

Nikamwambia: "Afande, damu ni barabara, uboho ni kiwanda. Sindano zile zimesafisha barabara. Inabidi twende kiwandani, na sasa hata kiwandani wamejificha."

Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hiyo tuliyemlipa ili amtibu ndiye aliyemficha?" Sikuweza kumjibu ndiyo, na sikuweza kumjibu hapana. Yule mhudumu aliona mtoto anaumwa na akatumia alichokuwa nacho. Ila hakuwa ameagiza hata picha nzima ya damu, kipimo cha bei ndogo kinachopatikana katika miji mingi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na iko bado.

Ikabidi kusubiri seli zirudi, jambo la kikatili kumweleza mzazi. Zilirudi. Safari hii kundi lilikuwa kamili: CD19, CD10, CD79a, TdT. Lukemia ya limfoidi ya B. Akaanza tiba, na nikiandika hivi yuko kwenye hatua ya vidonge vya nyumbani, amerudi shule. Lakini daktari wake hana uhakika wa jambo moja alilohitaji kulijua mwanzoni: idadi halisi ya seli nyeupe kabla ya steroidi ya kwanza. Idadi hiyo ni kati ya vitu vinavyoamua tiba iwe kali kiasi gani.

Wakati mwingine haraka ni ya namna nyingine. Kuna sura moja ya flo inayonifanya nishike simu kabla sijaandika ripoti: blasti zenye chembechembe nyingi, mwanga wa pembeni uko juu, CD33 inawaka, lakini CD34 na HLA-DR hazipo. Hiyo inanukia lukemia ya promielosaiti, aina mojawapo ya lukemia ya mieloidi. Mgonjwa huyo anaweza kutokwa damu ubongoni ndani ya siku chache, na pia ni mmoja wa wagonjwa wanaopona vizuri kabisa akianzishwa mapema vidonge vya ATRA, dawa ya jamii ya vitamini A. Daktari haruhusiwi kungoja kipimo cha jeni kithibitishe. Anaanza kwa kushuku tu. Nimewahi kumpigia daktari usiku akiwa kwenye foleni ya magari Wandegeya, akageuza gari.

Na siwezi kuandika kuhusu damu na Uganda nikaipita Burkitt, aina ya limfoma, yaani saratani ya seli za limfu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago hapa Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya kwa watoto wa hapa kwetu, na mwaka 1967 kikaanzishwa Mulago kituo cha kutibu limfoma ambacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watu wa maabara wa sehemu nyingine husoma ugonjwa huu vitabuni. Sisi tunakutana nao kazini. Ukiingia kwenye uboho unajifanya lukemia. Flo hututenganishia: seli za Burkitt zina CD19, CD20 na CD10, zimevaa juu ya ngozi mnyororo mwepesi (kipande cha kingamwili) wa aina moja tu, lakini hazina CD34 wala TdT. Zimekomaa. Mtoto huyo haendi kwenye ratiba ya miaka miwili. Anahitaji tiba fupi, nzito, na inayoanza mara moja, kwa sababu uvimbe ule hukua kwa kasi ya kutisha.

Flo haikuja Uganda kwa ajili ya saratani. Wengi wetu tuliijua kupitia CD4, hesabu ya seli za kinga zinazoshambuliwa na virusi vya ukimwi, wakati ambapo mgonjwa wa virusi vya ukimwi hakuanzishiwa dawa mpaka hesabu yake ishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likasema kila mwenye virusi aanze dawa bila kungoja hesabu hiyo, na kazi ya CD4 ikapungua. Nasikia watu wakisema basi mashine zile zipelekwe kwenye lukemia. Nyingi haziwezi, zilijengwa kuhesabu protini mbili tatu na si zaidi. Ila mikono iliyofunzwa kwenye CD4 inaweza, na mikono hiyo iko wilaya nyingi. Huo ndio utajiri tulioachiwa.

Gharama siwezi kuificha. Mashine unanunua mara moja, kingamwili unanunua daima, zinatoka nje kwa ubaridi, na zina tarehe ya mwisho. Umeme ukikatika katikati ya kazi, leza inahitaji kupata joto upya na vipimo vya uhakiki vinarudiwa kabla sijagusa sampuli nyingine. Kwa hiyo kila sampuli iliyoharibika njiani imekula pesa mara mbili, na mara nyingi ni pesa ya mtu aliyeuza mbuzi.

Tena flo haifanyi kila kitu. Asilimia ya blasti, ile ya 20 inayotumika kuitambua lukemia kali ya mieloidi, tunaihesabu kwenye slaidi ya uboho, kwa sababu sampuli ya flo huwa imechanganyika na damu na tumeyeyusha sehemu yake. Lukemia sugu ya mieloidi, ile ya wengu unaojaza tumbo, inathibitishwa kwa kutafuta jeni la BCR-ABL, wala si kwangu. Mzee mwenye limfosaiti nyingi na afya nzuri nitampima, nitakuta CD5 pamoja na CD19 na CD23 kwenye seli za mnyororo mmoja, na huenda daktari akamwambia arudi nyumbani na awe anakuja kuangaliwa tu. Familia nyingine hukasirika kusikia saratani ipo na dawa haitolewi. Nawaelewa, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Sasa ombi.

Wahudumu wa kliniki na vituo vya afya: mtoto mwenye homa isiyoisha, maumivu ya mifupa, tezi, wengu, damu iliyopungua au michubuko isiyo na sababu, msimchome deksa wala kumpa prednisoloni kabla ya picha nzima ya damu na slaidi. Kama hali ni ya hatari, anashindwa kupumua na dawa haiwezi kungoja, chukueni damu kwanza kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, pakeni slaidi, kisha mchomeni. Ni dakika chache. Na muandike kwenye fomu dawa gani, kipimo gani, siku gani. Hakuna atakayewahukumu kwa kuandika.

Wenzangu wa maabara wa Arua, Gulu, Kasese, Soroti na Moroto: nahitaji seli zilizo hai. Seli iliyokufa hunata kila kingamwili inayopita na kunidanganya. Msiiweke kwenye friji, msiiweke kwenye barafu. Tumezoea sana barafu kwa sababu ya sampuli nyingine, lakini hii inataka joto la kawaida la chumba. Msiiache pia kwenye kioo cha mbele cha gari juani. Ikifika ndani ya saa 24 nitashukuru, ndani ya 48 nitajitahidi. Msiitume Ijumaa jioni bila kunipigia. Anayevuta uboho akumbuke kwamba mvuto wa kwanza ndio wenye uboho hasa, unaofuata ni damu zaidi na zaidi. Basi slaidi na flo zipate huo wa kwanza. Tumeni na slaidi mbili tatu ambazo hazijapakwa rangi pamoja na chupa, zikiwa zimekauka vizuri, zimeandikwa jina kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye methanoli na mimi hubaki na kioo kisicho na mwenyewe.

Wazazi, mkiambiwa mtoto anatobolewa mfupa, ulizeni kama ataganzishwa, ulizeni sampuli inaenda wapi na majibu yanatoka lini. Na kama mtoto amepata sindano yoyote mahali popote, hata kwa jirani, hata ile mliyoambiwa msiitaje, njooni na kichupa chake kitupu au boksi lake. Mkilitupa, niambieni tu ilimfanyaje: kama tezi zilinywea siku ya pili, mimi nitajua ilikuwa nini.